Miezi Minane ya Kopo la Rangi

Katika miaka thelathini na miwili ya kuchora mabango na kupaka rangi, Mama Brashi hakuwahi kurudia ukuta. Alilisema hilo mara nyingi mno, hata waliomzoea walikuwa wakimmalizia sentensi. Maduka, vinyozi, zahanati, lori la mchanga lenye simba mlangoni, vyote vilipita mikononi mwake. Simba yule alikuwa na uso wa mtu anayeumwa jino, lakini hakuguswa tena mpaka lori lenyewe likafa.

Binti wa kaka yake, ambaye alimlea peke yake tangu ana miaka minne, sasa alikuwa mwalimu wa sayansi. Shule ilipotaka picha ya mwezi unavyobadilika, mwalimu mkuu alifikiria kununua iliyochapishwa. Binti akamwambia, "Shangazi yangu anaweza," na neno lake likakubaliwa.

Mama Brashi aliishia darasa la nne, lakini kichwa chake hakikuwa cha kufugia nywele. Alijiuliza mwezi unapunguzwa na nini, akajijibu kwamba kinachoziba mwanga ni kivuli, na kivuli kikubwa kiasi hicho hakiwezi kuwa cha mwingine ila dunia. Basi akachukua kopo lake la lita nne, akalibandika kwenye ukuta wa darasa na kulizungushia penseli. Akalisogeza vidole viwili pembeni, akazungushia tena, akajaza giza pale duara la pili lilipolifunika la kwanza. Kwa mwezi wa pili alisogeza vidole vinne. Kufikia Jumatano miezi minane ilikuwa imejipanga ukutani, safi, bila tone lililochuruzika.

Binti alikuwa kwenye semina wiki hiyo. Aliporudi Alhamisi alisimama mbele ya ukuta, mkoba ungali begani.

"Imependeza, shangazi."

"Lakini?" Mama Brashi aliijua sauti ile.

"Lakini nusu mwezi haupo hapa. Nusu huwa imenyooka katikati, kama mkate uliokatwa kwa kisu. Hii yako yote imeng'atwa."

"Imeng'atwa na kivuli cha dunia. Dunia ni duara. Ulitaka ing'ate kwa rula?"

Mwalimu akaeleza taratibu kwamba kivuli cha dunia huufikia mwezi siku ya kupatwa tu. Siku nyingine zote jua huumulika mwezi nusu nzima, na sisi tunauona upande ule wenye mwanga mara mwingi, mara kidogo, kutegemea mwezi umefika wapi katika kutuzunguka. Alieleza vizuri. Bahati mbaya walimu wawili walikuwa mlangoni wakisikiliza.

Mama Brashi akaanza kuosha brashi ambayo ilishaoshwa. "Nimekusomesha ili uje unifundishe mwezi," alisema. "Haya." Alisema akicheka, lakini jioni hiyo chakula hakikupita.

Jumamosi binti alikuja nyumbani. "Shangazi, tuiache hivyo hivyo. Watoto nitawaeleza kwa mdomo. Mwalimu mkuu nimeshamwambia picha iko sawa."

Funika kombe mwanaharamu apite. Mama Brashi alifurahi, tusimsingizie unyenyekevu ambao hakuwa nao. Ukuta wake ulikuwa umepona. Jambo moja tu lilimkera: mtoto aliyasema yale akiangalia sakafu.

Jumanne, saa kumi alasiri, alikuwa juu ya ngazi kwenye ukuta wa duka la mbegu akiziba nyufa. Kiganjani alikuwa akiviringisha donge jeupe la kuzibia lisikauke. Jua lilikuwa nyuma yake, na mbele yake, juu ya paa, ulikuwepo mwezi, nusu, mweupe katika mbingu ya mchana. Wapaka rangi hawawezi kuona vyeupe viwili wasivilinganishe. Akanyoosha mkono, akaliweka donge kando ya mwezi.

Donge lilikuwa nusu jeupe na nusu kivuli, na mpaka wa katikati ulikuwa umenyooka. Mwezi nao ulikuwa hivyo hivyo, weupe upande uleule.

Alilisogeza upande wa jua, weupe ukapungua ukawa ukucha. Akaligeuzia kule ambako jua lilikuwa kisogoni mwake, akaliinua juu ya kichwa, likawa jeupe duara zima. Mwenye duka kule chini alidhani anampungia mtu, naye akapunga. Mama Brashi akatazama kivuli chake mwenyewe, kimelala chini ya ukuta mkabala na jua. Cha dunia nacho kingelala huko huko. Kingepandaje hadi kule juu ulipo mwezi? Akashuka ngazi na kukaa juu ya ndoo, amechoka ghafla. Mtoto alikuwa sahihi, na yeye alikuwa amenuna.

Kesho yake aliingia darasani kipindi kimeanza, na kopo la rangi nyeupe mkononi.

"Wanangu, hii miezi nilikosea," aliwaambia. "Mwalimu wenu aliniambia mapema, mimi nikajifanya mjuaji." Watoto wakacheka, naye akawaacha wacheke. Akaufuta mwezi wa kwanza, kisha wa pili, mpaka wa nane.

Kengele ilipolia na watoto kutoka, binti alimfuata pale ukutani.

"Hukulazimika, shangazi. Nilishasema iko sawa."

"Hilo ndilo lililonileta." Mama Brashi aliweka brashi chini. "Tangu utoto wako hujawahi kuniongopea, hata ulipovunja redio. Ukaja kuanza kwa ajili ya ukuta wangu. Imeniuma kuliko kukosea."

Binti alikuwa analia. Mama Brashi akamfuta machozi kwa mgongo wa mkono, pale pasipo rangi.

"Nikikosea tena niambie, hata mbele za watu. Nitanuna siku mbili tatu. We niache ninune."