Nyonga ya Fundi Pimamaji

Walimwita Pimamaji kwa sababu sakafu zake hazikuwahi kwenda upande. Ukimwaga maji sebuleni alikopanga vigae yeye, yangebaki palepale yakijiuliza yaelekee wapi. Kazi hiyo aliifanya kwa magoti tangu ujana, akisogea kinyumenyume kuelekea mlangoni. Kwa hiyo mguu wa kulia ulipoanza kumuuma, hakuna aliyeshangaa.

"Ni goti hilo," alisema shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyekuwa akimchanganyia saruji. "Umelitumia kama mguu wa meza."

Hata yeye aliamini hivyo. Akalipaka dawa, akalifunga bandeji, akachomwa sindano kwenye zahanati ya jirani. Goti lilipopigwa picha, akaambiwa limechoka kidogo tu, kama magoti ya watu wa umri wake. Lakini maumivu hayakumwacha. Yalikuwa yakimngoja kitandani, yakiamka kabla yake.

Mkewe ndiye aliyegundua jambo jingine. Asubuhi moja alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, akivuta suruali kwa rula ya kazini, kwa kuwa mkono haukuufikia mguu.

"Baba watoto, ndiyo maana siku hizi ni kandambili tu?"

"Joto," akajibu.

"Joto gani na mvua hii? Mficha maradhi, kilio kitamuumbua. Tunakwenda kwa daktari bingwa wa mifupa."

Daktari huyo alikuwa mama wa makamo, mpole, asiye na haraka. Goti hakuligusa kwanza. Alimwambia atembee kwenye ukumbi, akamtazama anavyoyumba. Kisha akamlaza, akaukunja mguu na kuuzungusha kwa ndani taratibu. Pimamaji akapiga ukelele.

"Panauma wapi, baba?"

"Goti, daktari."

"Mbona mkono wako umeshika kinena?"

Akautazama mkono wake kama si wake.

Picha ya nyonga ilitoka mchana huohuo. Daktari aliwaonyesha kwanza upande wa kushoto, ulio mzima, palipokuwa na mwanya mwembamba kati ya mfupa na mfupa. Mwanya ule, alieleza, ndipo linapokaa gegedu, utando laini unaozuia mifupa isisagane. Upande wa kulia mwanya haukuwapo.

"Nyonga ndiyo inayougua. Maumivu yake hushuka hadi gotini na kuwadanganya watu."

"Hilo gegedu linaota tena?"

"Halioti, baba. Nisikufiche."

Mkewe alimshika begani.

Walianza na mazoezi, vidonge na fimbo, ambayo aliambiwa aishike kwa mkono wa kushoto ili iupunguzie mzigo mguu wa kulia. Alipata nafuu, lakini haikudumu. Msimu wa mvua uliofuata alishindwa kabisa kupanda ngazi za kwake, na daktari akapendekeza nyonga ya bandia.

"Nitembee na chuma mwilini?" alimuuliza mkewe walipofika nyumbani.

"Si wewe unayewaambia wateja kigae kilichopasuka hakibembelezwi, kinang'olewa?"

Alicheka, kisha akalia, mara ya kwanza mbele yake tangu alipomzika mama yake. Kilichomwogofya hakikuwa kisu. Daktari alikuwa ameshamwambia kwamba baada ya upasuaji hatapaswa tena kushinda chini amechutama au amepiga magoti. Na yeye, asipopiga magoti, alikuwa nani?

Akapiga moyo konde, akapasuliwa. Alijifunza kutembea upya kama mtoto, mkewe akimfuata nyuma na mikono wazi. Yale maumivu ya ndani, yaliyokuwa yakimwamsha, yaliondoka.

Aliporudi kazini, alimkuta shemeji yake bafuni, amepiga magoti, anapanga sakafu. Pimamaji alisimama mlangoni. Shemeji akainua uso, naye akaona haya, kama mtu aliyekutwa kwenye kiti kisicho chake.

"Nikuachie, shemeji?"

"Endelea. Ila mteremko upeleke kwenye tundu la maji, usiupeleke mlangoni."

Kisha akasogea ukutani, akapaka saruji kwenye kigae, akakibandika usawa wa kifua chake na kukishikilia kwa viganja vyote viwili mpaka kikashika.