Nilimwambia Shemeji Asubiri Taarifa ya Saa Kumi

Kosa ni langu. Msinitafutie udhuru, nimeshajitafutia mwenyewe miaka yote hii na sikuupata.

Mwaka wa 72 nilikuwa fundi cherehani Rumonge, kwetu Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika. Nilikuwa na redio ya betri, na kibandani kwangu ndiko watu walikokuja kusikiliza matangazo ya Kiswahili kutoka ng'ambo. Nchi yenyewe sitaitaja. Tangu tupate uhuru, serikali yake ndiyo iliyokuwa inalipia matangazo hayo, na watangazaji hawakuchoka kutukumbusha: hii ni zawadi ya serikali yetu kwenu, sikilizeni bure. Nasi tukasikiliza bure, midomo wazi!

Wakaniteua mwenyekiti wa klabu ya wasikilizaji. Mwenyekiti wa nini? Wa benchi moja na vigoda vitatu! Lakini nilivimba kichwa. Mtu akileta habari, namuuliza, "Redio imesema?" Kama haijasema, namfukuza.

Kisha waasi wakamwaga damu kwetu, na wanajeshi wa serikali wakaja kulipiza. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuja kwa baiskeli kutoka Kizuka, alikokuwa akifanya kazi kwenye kinu cha mawese. Alikuwa amepata nafasi kwenye mtumbwi wa kwenda Kigoma jioni ile. Lakini mkubwa wa kinu alikuwa ametangaza kwamba asiyerudi kazini ataandikwa mwasi. Baba yao alishafariki, kwa hiyo alikuja kutaka neno langu.

Mama Zaituni, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, alikuwa ndio kwanza ameshuka kutoka Kabonga. Alitusikia.

"Baba Salima, mwache mutoto avuke," alisema. "Mimi nimeona na macho yangu. Kamyo ya jeshi iko inapakia batu, banaume tu, na hakuna mwenye anarudi."

Nilimcheka. Eh, nilimcheka mbele ya watu!

"Mama, nani anakulipa kwa habari hizo?"

"Nani anilipe? Nimeona, nasema."

"Basi. Wenzako wanalipwa na serikali kubwa, wana ofisi, wana mitambo. Wewe una kikapu cha ndagala."

Watu wakacheka. Shemeji naye akacheka kidogo, kwa kuniheshimu tu.

"Sasa nifanye nini, shemeji?"

"Ngoja taarifa ya saa kumi."

Saa kumi ikafika. Yule mtangazaji mwenye sauti ya kubembeleza akasema kuwa, kwa maelezo ya wakuu wa Burundi, hali imetulia na watu wanarudi makazini. Kisha wakapiga muziki. Muziki!

"Umesikia?" nikamwambia. "Rudi kazini, usiwape sababu."

"Murakoze, shemeji," akasema, akapanda baiskeli yake. Alinishukuru, jamani!

Kesho yake wanaume wa kinu walipakiwa kwenye kamyo. Hatukumwona tena, wala hatukupata hata shati lake. Ule mtumbwi ulifika Kigoma salama, na mahali pa shemeji waliweka gunia la mihogo.

 Mke wangu alipakua bugali, akauweka mbele ya redio.

"Mulishe huyu," akasema. "Njo mutu mwenye unasikiliza."

Jambo dogo tu sikuwahi kujiuliza, mimi mjuaji. Serikali ile iliyolipia redio ilikuwa na balozi wake Bujumbura, anakula na kunywa na wakuu wale wale. Mtangazaji angethubutu vipi kuwaudhi marafiki wa anayemlipa? Alisoma alichopewa, akaenda zake nyumbani kula.

Lakini aibu yangu kubwa haiko hapo. Miezi kadhaa baadaye ilikuja bahasha kutoka kwao. Serikali yao ilitaka kujua kama fedha zake zinafanya kazi, kwa hiyo tafadhali jaza fomu hii: mnatusikia vizuri? Mnaziamini habari zetu? Na wasikilizaji watakaojibu wataweza kupata redio mpya.

Mke wangu alikuwa ndani, anamlilia ndugu asiye na kaburi. Mimi nikashika kalamu. Nikajaza ndiyo, na ndiyo. Tena nikaongeza chini, kwa mwandiko wangu mzuri, kwamba sisi wa Rumonge mmetuokoa na uvumi.

Redio mpya ilikuja. Niliipokea.

Pengine huko kwao mheshimiwa fulani aliipunga fomu yangu mbele ya wenzake, wakaongeza fedha.

Wewe unayesoma, mtu akikujia mbio akasema nimeona, usimuulize mshahara wake. Kwanza ondoa watu wako, redio utaisikiliza mkishafika.

Mke wangu yuko hai. Anajua nilimzuia ndugu yake, ila habari ya fomu haijui, na kusoma hajui. Atakayemsomea ukurasa huu, namwomba asiruke hapo.