Jembe Tulilomnyang'anya Mama

Kosa letu tulilifanya kwa heshima. Baba alipofariki mimi na kaka tulimtoa mama kijijini Mpimbwe, kwenye majaruba yake ya mpunga, tukamleta kwangu mimi bintiye, Ilembo. Tukamnunulia makochi. Jembe lake kaka alimpa jirani, maana huku kwetu mzazi mwenye watoto wenye kazi zao akionekana analima, wanaosemwa ni watoto.

Mama akakaa. Kanisani bodaboda, sokoni bodaboda. Miaka mitatu akanenepa, nasi tukajisifu eti anapendeza. Ujinga nao una raha yake, jamani.

Halafu mdogo wake, mama yangu mdogo, akafa kwa saratani ya titi. Niliogopa hasa. Nikampeleka mama kupimwa; hakukutwa na uvimbe. Ila daktari alisema umri, ule unene na kukaa kutwa, tena na ndugu wa damu kaugua, vyote vinaongeza hatari, na kwamba mwili unaotumika kila siku huipunguza. Atembee mpaka pumzi imwende mbio kidogo.

Kutembea mama alikataa. Mtu mzima arande barabarani mikono mitupu, anakwenda wapi? Watasema amechanganyikiwa. Akaniuliza pia mbona mdogo wake alilima mpaka mwisho na bado amekufa. Nikamrudishia lile la daktari: inapunguza hatari, haizuii kabisa.

Basi nikamtafutia kishamba mtaa wa pili, nikanunua jembe jipya. Hilo hakulikataa. Wiki haikuisha, jirani yangu akampigia kaka simu Dar kwamba namtumikisha mama. Kaka naye akanipigia, akafoka mpaka nikaiweka simu mezani aendelee mwenyewe. Eti namwaibisha mama, naiaibisha familia, watu watatuelewaje. Hasira zikanipanda, nikaichukua simu.

"Kaka," nikamwambia, "afadhali watuseme mama akiwa shambani kuliko watupe pole akiwa kaburini."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Nilidhani atanishukuru. Badala yake akaniangalia juu hadi chini, pale kwenye cherehani nilipokuwa nimekaa tangu asubuhi nikishona sare za shule, kama nilivyokaa jana na juzi.

"Yule mdogo wangu alikuwa mama yako pia," akasema. "Damu ni hiyo hiyo. Kesho tunatoka wote kwenda shambani."