Gundi Iliyoshika Rangi

Mpaka leo nikisikia mtu anasema roketi yetu iliangushwa na gundi, damu inanichemka. Gundi ile niliichagua mimi, msimamizi wa maabara katika shule moja ya ufundi hapa Lubumbashi, na klabu ya roketi ilikuwa mikononi mwangu.

Nilijua ninachofanya. Karatasi ngumu na mbao nilizipa gundi nyeupe ya seremala, maana inaingia mpaka ndani ya nyuzi. Ile inayokauka papo hapo niliikataza: hushika upesi lakini haivumilii mtikisiko. Mabawa niliyatengea epoksi ya chupa mbili, ile ya polepole inayotaka siku nzima ikomae.

Kosa lilitoka juu. Wageni wakubwa walikuwa wanakuja, na prefe, mkuu wetu wa shule, alitaka waikute roketi inapendeza. Jumatatu asubuhi nikakuta mwalimu wa uchoraji amekwisha kuupaka mwili wote wa roketi rangi za bendera, buluu, nyekundu na njano, kabla mabawa hayajabandikwa. Alifanya kazi safi, siwezi kumnyima hilo. Nikachukua msasa nikwangue pale tu mabawa yatakapokaa. Prefe akanishika mkono, hataki bendera ya nchi iguswe.

"Mama, hauwezi kukwangula drapo ya inchi."

Nilimweleza taratibu, kama ninavyowaeleza wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwamba gundi hushika kile inachokigusa, na hapa itagusa rangi tu. Akasema nitafute gundi yenye nguvu zaidi. Mtu mzima, na diploma yake ukutani! Nikabandika, Mungu anisamehe, kwa kuogopa kunyang'anywa klabu. Woga huo unaniudhi kuliko hata yeye.

Siku yenyewe tulikwenda kwenye uwanda ulioko barabara ya Kasenga, nyasi zimeshaungua kwa kiangazi. Roketi ilipaa vizuri mpaka ikapita mikaratusi, kisha bawa moja likang'oka, ikapinda, ikajichomeka ardhini mbali na watu. Wageni walipiga makofi wakidhani ndivyo ilivyopangwa. Wanafunzi wangu walilia.

Kwenye kikao cha kutafuta chanzo cha ajali nililiweka bawa mezani. Gundi ilikuwa nzima, haina hata ufa, na chini yake imebeba ukanda wa buluu. Kwenye mwili wa roketi, pale bawa lilipokuwa, karatasi ilibaki tupu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

"Colle ilishika muzuri, Papa," nikamwambia prefe. "Rangi njo iliachia."

Kila mtu aliona kwamba rangi ndiyo iliyoachia, si gundi. Hata mwalimu wa uchoraji aliinamisha kichwa. Prefe akaligeuza bawa, akalirudisha mezani, akanisogezea ripoti iliyokuwa imekwisha kuandikwa: gundi duni, chaguo la msimamizi wa maabara.

"Mama, hatuwezi kuandika kama drapo njo iliangusha roketi. Weka tu sinyature."

Nilikataa kusaini. Juma lililofuata klabu ikapewa mwalimu wa uchoraji, na wanafunzi wakamkuta ameinamia mwili mpya wa roketi, usio na bawa hata moja, buluu amekwisha kuimaliza na sasa anapaka nyekundu.