Puuza, Namba ya Mama Tu

Sijawahi kugombana na mtu kama nilivyogombana na ile programu ya ukaguzi. Kazi yake ni kusoma msimbo, yaani yale maandishi yote ninayoiandikia kompyuta, mstari kwa mstari bila kuuendesha, kisha inatia rangi nyekundu kila inapohisi pana mwanya wa mwizi. Na inahisi kila mahali. Ilinipigia kelele eti namna ninavyoiachia kompyuta ibahatishe rangi ya kitufe cha kubonyeza si salama. Rangi ya kitufe, jamani. Nani aje Sumbawanga kuiba rangi ya kitufe?

Nilikuwa nimepanga chumba Milanzi, nimevaa masweta mawili kwa baridi ya Julai, natengeneza mfumo wa ghala la mahindi la chama cha wakulima. Mkulima akileta magunia anasajiliwa kwa namba ya simu na kupewa kadi yenye namba yake. Siku magunia yake yanapoombwa kutoka, anapata meseji. Kama si yeye aliyeomba, anajibu HAPANA. Akikaa kimya mpaka saa kumi jioni, tunahesabu amekubali. Hilo la kimya nililipanga mwenyewe, kwa sababu wazee wetu wengi meseji wanasoma, ila kujibu ni shughuli nyingine. Nikajiona nina huruma kweli.

Viongozi wa chama walishikilia neno moja: wanataka ripoti ya ukaguzi isiyo na nyekundu hata moja. Nyekundu zilikuwa mia tatu na ushee. Siku mbili za mwanzo nilisoma kila onyo kama mtu mwenye adabu zake. Siku ya tatu uvumilivu ukaniishia. Ukiandika neno puuza juu ya mstari, programu ile haikuulizi tena. Basi nikaanza. Puuza, puuza, puuza, kama mtu anayefukuza kuku kwenye ulezi ulioanikwa.

Onyo mojawapo lilisema kuna namba ya simu ya mtu halisi ndani ya msimbo, niiondoe. Ilikuwa namba ya mama yangu. Kwa majaribio nilihitaji mkulima aliyesajiliwa kweli, ambaye simu yake iko hewani na ambaye hatakwenda kunishtaki kwa mwenyekiti. Nani mwingine kama si mama? Nikaandika juu yake: "Puuza. Namba ya mama tu." Nyekundu ikafutika.

Mama alikuwa anaweka mahindi yake kwenye kihenge cha nyumbani tangu sijazaliwa. Mwaka huo nilimsumbua mpaka akakubali kuyaleta ghalani, magunia kumi na mawili, chakula chake cha mwaka mzima. "Kule kuna mfumo," nilimwambia. "Hata gunia likisogea utapata meseji."

Meseji alizipata. Kila nilipoujaribu mfumo, simu yake ililia: magunia yako yanatoka leo. Mara ya kwanza alinipigia anahema. "Mwanangu, mahindi yangu yanatoka." Nikamwambia ni mimi, najaribu. Mara ya pili, ni mimi. Mara ya tano nilikuwa katikati ya zile nyekundu, nikamjibu kwa ukali ambao mpaka leo unanitia aibu: "Mama, hizo meseji zipuuze. Zote. Usinipigie tena kwa ajili ya hizo."

"Haya, baba," akasema. Hakupiga tena.

Ripoti ikatoka safi, viongozi wakapiga makofi, mfumo ukaanza kazi. Wiki ya pili mtunza ghala, akimhudumia mfanyabiashara mmoja aliyenunua magunia ya mkulima mwingine, alikosea tarakimu ya mwisho ya namba ya kadi, yakaombwa magunia ya mama. Mfumo ulifanya yote niliyoufundisha. Ulimtumia mama meseji asubuhi, ukasubiri mpaka saa kumi, ukaona kimya, ukaruhusu.

Tulijua mwezi uliofuata, mama alipokuja kuchukua gunia la kula akakuta jina lake halina kitu. Mzigo ulikuwa umeshapita bandari ya Kasanga na kuvuka ziwa kitambo. Nilimfokea mtunza ghala mpaka sauti ikakauka. Halafu nikafungua msimbo kumtafuta mwingine wa kumlaumu, nikakutana na sentensi yangu mwenyewe imekaa pale pale juu ya namba. Chama kinasema kitalishughulikia. Najua wanavyoshughulikia.

Mama alikuwa kwenye benchi la ghala, kajifunga kitenge mabegani, mfuko mtupu umekunjwa mapajani. Nikamuuliza kama siku ile meseji ilimfikia.

"Niliiona," akasema. "Nikaisoma mara mbili. Lakini wewe si ulisema nizipuuze?"

Hakuwa ananisuta. Alikuwa ananiuliza, anataka kujua alikosea wapi.