Fimbo Niliyoazima Siku ya Uhakiki

Pensheni yangu ya ualimu haijawahi kuniangusha. Inaingia kila mwezi, nami nalima mboga zangu Tengeru kwa raha. Sharti ni moja tu: mara kwa mara sisi wastaafu tujipeleke mjini tuhakikiwe kama bado tuko hai.

Safari hii nilikwepa foleni. Niliazima fimbo ya jirani, nikaingia nikichechemea kama mgonjwa. Bibi mmoja aliyepinda mgongo akanipisha.

“Pita, baba. Miguu yako inanitia huruma.”

Nikapita, nikahakikiwa, nikatoka mbio kuwahi soko. Nyuma yangu nikasikia mtu anahema. Kumbe yule bibi, ameacha nafasi yake kwenye foleni.

“Baba, simama! Utafikaje nyumbani bila fimbo?”