Baba Aliposema "Yie"

Maji yaliyolala ndani ya boti kuukuu hayanuki kama maji. Yananuka kama dagaa waliosahauliwa ndani ya soksi, soksi yenyewe ikalowekwa katika petroli, kisha mtu akaianika juani ili aone itakuwaje. Nimesoma hadi chuo kikuu, nimeandika kuhusu lugha kurasa nyingi ambazo hakuna aliyezisoma, na bado sijapata neno la Kiswahili linalotosha harufu ile. Uvundo ni neno la adabu mno. Harufu ile ilikuwa na uzito. Iliingia mdomoni kabla ya kufika puani, ikatanda juu ya ulimi kama mafuta ya taa, na mtoto aliyeinamishwa juu yake, kama nilivyoinamishwa mimi, aliinuka akiwa ameapa kutokula samaki tena maishani. Kiapo hicho nilikivunja mchana uleule. Watoto ni viumbe wa njaa kwanza, na wa kanuni baadaye.

Baba yangu alikuwa Mkuria, mwalimu wa shule ya msingi upande wa Osiri, kule wachimbaji wa dhahabu wanakorudi jioni wakiwa na rangi ya ukuta usiopigwa chokaa. Mama alikuwa Mjaluo wa ufukweni, chini ya Magunga. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, kwa kuwa ndicho kilichokuwa uwanja usio wa mtu. Baada ya miaka yote ya ndoa, Kijaluo cha baba kilikuwa salamu, majina ya vyakula, na tusi moja ambalo wanafunzi wake walimfundisha wakimwambia kwamba ni shukrani. Bibi yangu, mamake mama, aliishi kisiwani, na kila tulipokwenda kumwona tulilazimika kubembeleza nafasi juu ya magunia ya watu. Mama alikuwa amelilia boti muda mrefu. Likizo ile, baba akakubali tukaione moja. Mwenyewe alikuwa Ogweno, ndugu wa ukoo wa mama. Kwangu mimi mjomba, kwa baba shemeji. Mjomba Ogweno hakutaka pesa. Alimtaka ng'ombe wetu.

Ng'ombe huyo mama alimpa jina la Nyar Ogwedhi, binti wa Ogwedhi, kwa sababu baba alimnunua katika soko la mifugo la huko. Yeye ndiye aliyefanya chai yetu iwe chai. Maziwa yaliyobaki wachimbaji waliyanunua kabla jua halijakausha umande, na sare zetu za shule zilitoka humo. Mkuria anayefikiria kumtoa ng'ombe wa maziwa kwa ajili ya chombo cha majini ni mtu anayempenda mkewe kuliko anavyojua kusema, na baba hakujua kusema. Alichosema usiku wa kuamkia safari ni hiki: "Tunaenda kuangalia tu. Macho hayalipishwi."

Tulipofika ufukweni, boti ilikuwa imevutwa nchi kavu, imelala ubavu mmoja kama mlevi. Ilikuwa imepakwa rangi ya samawati siku hiyohiyo. Nzi wawili walikuwa wamenasa katika rangi na mmoja bado alikuwa anapiga miguu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini methali haikutuambia kwamba kibaya wakati mwingine hupakwa rangi kwanza. Mjomba Ogweno alikuwa mnene, mchangamfu, mwenye mkono unyevu ambao aliufuta kwenye shati lake kabla ya kukushika na kwenye shati lako baada ya kukuachia. "Shemeji!" alimpokea baba. "Hii boti ni ngumu kama jiwe. Ukigonga mamba, mamba ndiye anaenda hospitali."

Baba hakujua lolote kuhusu boti, na hakujifanya. Alichojua ni ng'ombe. Kwa hiyo aliikagua boti kama mtu anavyokagua ng'ombe mnadani. Aliizunguka kimya, mikono nyuma, akirudi pale alipokwisha pita ili aone kama itabadilika asipoitazama. Akachuchumaa akaangalia mkuku, ule mti mrefu wa chini ulio uti wa mgongo wa boti, akausugua kwa kidole kama anayetafuta kovu la nira. Akaenda nyuma akaiinua injini kama anayeinua mkia. Akaufungua mfuniko, akachungulia, akanusa, akafumba macho. Wanawake waliokuwa wakianika dagaa karibu walicheka hadi mmoja akakaa chini. "Mwalimu," alipaza sauti, "anazaa lini?"

Waliocheka hawakujua kwamba njia ile ilikuwa inafanya kazi. Chini ya rangi, baba alikuta mbao zinazobonyea kama ngozi ya mnyama mwenye kiu. Alikuta vipande vya bati vilivyopigiliwa juu ya nyufa, na chini ya bati, chandarua kilichosokotwa na kupakwa lami. Propela ilikuwa na pengo kama jino lililong'olewa. Mjomba alipoiwasha injini ili tuisikie, ilikohoa, ikatema kitu cheusi juu ya viatu vya baba vya kanisani, ikanyamaza. "Inasalimia," mjomba akasema.

Ndipo nilipoingia mimi. Chini ya ubao wa kukanyagia palikuwa na uwazi ambao mkono wa mtu mzima haukupita. Baba alitaka kujua maji yanaingilia wapi. "Boke," aliniambia, "mkono wako ni mdogo. Ingiza, uniambie unashika nini." Niliingiza hadi begani. Maji yalikuwa ya vuguvugu, na huo ndio uchafu ambao sijawahi kuusamehe. Maji baridi ni machafu tu, lakini maji ya vuguvugu ni kama yana mwenyewe. Nilishika ute. Nilishika kitu laini kilichokuwa samaki zamani na sasa hakikuwa na msimamo wowote. Halafu nikashika ubao wa chini wenyewe, nikaubana kidogo kwa vidole, ukamegekea mkononi. Nilitoa kiganja kilichojaa boti. Ilikuwa nyeusi, inatiririka, na ndani yake mabuu meupe yalikuwa yanajikunja kwa hasira ya kuamshwa. Nilitapika palepale, juu ya ukingo uliopakwa rangi.

Mjomba Ogweno hakutikisika. "Mtoto ameibariki," akasema.

Baba alinivuta kando, akaninawisha ziwani kwa mchanga, na huku akinisugua akamwambia mama polepole, "Ng'ombe huyu ni mfu. Ngozi tu ndiyo imesimama." Mama alitazama ziwa, kisiwa kikiwa kule ng'ambo kama kofia iliyoelea. "Basi tumwambie hapana," akasema. Nataka msomaji aelewe jambo hili vizuri: tulikuwa tumejua yote. Hakuna boti katika ziwa lile iliyokaguliwa kwa bidii zaidi, wala familia iliyoelewana haraka zaidi.

Lakini shemeji haondoki bila kula. Chini ya paa la bati la ghala la samaki tuliandaliwa ngege mzima katika mchuzi, na ugali wa mtama. Mikono yangu bado ilinuka boti. Kila tonge lilipofika mdomoni, harufu ilitangulia, na bado nilikula, nikijichukia, nikimchukia mjomba aliyemwekea baba kichwa cha samaki kwa heshima kubwa na kumtazama hadi alipofyonza jicho. Mwenye nyumba amekulisha. Sasa utamwambia nini kuhusu boti yake? Baba alikuwa mkwe, tena mkwe wa kabila jingine. Kule ukweni alihesabiwa kila siku kama mgeni anayesubiriwa akosee. Ndiyo maana akaamua kulisema "hapana" lake kwa upole, tena kwa lugha ya wenyewe. Akamwomba mama, kwa kumnong'oneza, amfundishe jinsi ya kusema kwamba boti imezeeka. Mama akamfundisha. Nilimwona akiirudia ile sentensi kimyakimya, midomo ikicheza, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Sasa, kwa Kijaluo boti ni *yie*. Na kukubali, nako, ni *yie*. Mama anasema kwa mwenye sikio maneno hayo hayafanani hata kidogo. Sauti inapanda hapa, inashuka pale. Baba hakuwa na sikio.

Mjomba akanawa, akajifuta, akauliza mbele ya watu wote, "Sasa shemeji. Umeona?"

Baba akasimama. Akakohoa. Akaanza ile sentensi yake kwa neno la kwanza, akivuta pumzi ya kutafuta la pili. "Yie..."

Mkono unyevu ulikuwa umeshamkamata. Sijawahi kuona mtu mnene akitembea upesi namna ile. "Amekubali!" mjomba akapaza sauti. "Mmesikia? Kwa mdomo wake, kwa lugha yetu!" Wanawake wa dagaa wakapiga vigelegele, wakifurahi kweli, maana Mkuria alikuwa amesema Kijaluo na kwao hiyo ilikuwa sherehe ya kutosha.

"Alisema boti!" mama akaruka. "Ogweno, wewe, alikuwa anasema boti!"

"Nyamera," mjomba akamjibu kwa huruma, kama kaka anayemtuliza dada, "mtu mzima anakula samaki wangu, anasimama, anakohoa, halafu anasema 'boti' tu? Kwani anajifunza kusoma?"

Watu wakaangua kicheko. Mama akamgeukia baba. "Mwambie! Sema ulitaka kusema nini!" Baba aliufungua mdomo. Nilimwona akiwatazama wakwe zake, mashangazi wa mama, wazee waliotoka kwenye kivuli kuja kumpa mkono, wakimwita "mtu wetu" kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yao. Kukanusha kungekuwa kumwambia kila mmoja wao kwamba mkwe wao hajui anachosema. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini ukishajikwaa ulimi ukweni, wenyeji hukuinua kwa shangwe na kukupeleka palepale ulipoangukia. Baba akaufunga mdomo. Akatabasamu. Tabasamu hilo lilinichefua kuliko mabuu.

Nyar Ogwedhi aliondoka kabla ya shule kufunguliwa. Alikataa kutoka kwenye boma, na baba mwenyewe ndiye aliyemsukuma, bega kwenye paja lake. Mjomba hakumfuga hata kidogo. Tulisikia alimwuza kwa mwenye bucha Magunga, na waliotuletea habari walisifu nyama yake, wakidhani wanatufariji. Tukanywa chai ya rangi. Mdogo wangu aliitazama siku ya kwanza akauliza nani amekufa. Boti nayo ilitupeleka kwa bibi safari moja, mimi na mama tukitoa maji kwa makopo njia nzima, na ilipofika kisiwani ikagoma kurudi. Bibi aliifugia bata. Baba hakusema tena neno la Kijaluo hadi alipokufa. Hata chakula alikiitisha kwa Kiswahili, au kwa kidole.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki vyuoni kama mzaha juu ya toni na maana, na wanafunzi wakacheka panapostahili. Nilijiona mjanja kuliko baba. Kisha mwaka huu binamu zangu wa Homa Bay wakaamua tuchangie boti ya familia, iliyotumika kidogo, wanasema, kwa ajili ya misiba na sikukuu za kisiwani. Picha zililetwa kwenye kundi letu la simu. Nilikuwa kitandani, miwani iko mbali. Niliona kitu cha samawati, nikaweka kidole gumba kuonyesha kwamba nimepokea. Asubuhi nikakuta nimehesabiwa miongoni mwa waliokubali, nimepongezwa, nimeombewa, na muuzaji amekwisha ambiwa alete. Hakuna aliyeizunguka. Hakuna aliyeingiza mkono popote. Niliandika kwamba sikumaanisha hivyo, nikafuta, nikaandika tena, nikafuta, kwa sababu shangazi mmoja alikuwa ameshatuma maua.

Nilimpigia mama simu nimweleze, nikitarajia tucheke pamoja. Sasa ni mzee, na hacheki kwa adabu tu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Baba yako angalau alishikwa mkono."